Hifadhi ya biosfia ikipanuliwa, ni ukanda gani unaokua?

Kila baada ya miaka 10, hifadhi za biosfia, yaani maeneo ambamo uhifadhi wa mazingira huenda pamoja na maisha ya watu, zilizo kwenye mtandao wa UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, hupitiwa upya, kwa kanuni zilizotokana na mkutano wa Seville, Hispania, mwaka 1995. Mara nyingi mapitio huzaa pendekezo la kupanua eneo, na hapo zogo huanza: wahifadhi wanashangilia, wakulima na wafugaji wanaanza kuwaza watahamia wapi.

Wahifadhi wana hoja. Hifadhi nyingi za mwanzo, kuanzia 1976, zilikuwa mbuga za taifa zilizopewa tu cheo kipya. Kanuni za 1995 zinataka sehemu tatu: kiini kinacholindwa kisheria, ukanda wa kinga unaokizunguka, na ukanda wa mpito ambamo watu wanaishi, wanalima na kufanya biashara. Ndiyo maana hifadhi kongwe inaweza kuongezeka maradufu na kiini kisiongezwe hata hekta moja. Cheo hicho hakimnyang'anyi mtu ardhi. Sheria inayotumika inabaki kuwa ya nchi husika.

Sasa mkulima anaitwa mkutanoni. Ukutani kuna ramani yenye kijani cha aina tatu, naye anatafuta kwa kidole shamba lake limeangukia kijani kipi. Akiuliza kama mapitio yajayo yatalisogeza, anajibiwa kwa mdomo tu. Hofu yake siwezi kuiita ujinga, kwa sababu serikali iliyochora mpaka ndiyo hiyo hiyo yenye uwezo wa kuusogeza.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni ripoti yenyewe ya mapitio. Huandaliwa na mamlaka za nchi husika, kama mtahiniwa anayejisahihishia mtihani, ingawa wataalamu wa kimataifa huipitia baadaye. Ukanda wa mpito mpana hupendeza kwenye takwimu, hata kama askari wa doria na bajeti ni vile vile. Adhabu ipo, ya kufutwa kwenye mtandao, lakini haiwatishi wote: mwaka 2017 Marekani iliomba yenyewe hifadhi zake 17 ziondolewe.

Kupanua nakuunga mkono, ila pendekezo lije na ukurasa unaoeleza nini kinaruhusiwa katika kila ukanda, kuanzia malisho na kuni hadi ujenzi, na nani lazima aridhie kabla mpaka haujasogezwa tena. Likija bila ukurasa huo, lirudishwe.