Kichwa cha punda, fedha 80

Unga umepanda tena, sawa, tumezoea. Kinachoudhi ni yule muuza duka anayekupimia huku anakufariji: "Vumilia ndugu yangu, hata Samaria bei zilishuka usiku mmoja." Naomba kwa heshima zote, wanaotufariji kwa Samaria wawe wamezisoma bei zenyewe. Ziko pale kwenye Biblia, 2 Wafalme, sura ya 6 na ya 7, hazijafichwa.

Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, kauzingira Samaria, makao makuu ya ufalme wa Israeli. Kichwa cha punda, vipande 80 vya fedha. Kichwa, siyo punda! Tena mnyama ambaye torati imeshamkataza. Vipande hivyo tuvihesabu kuwa shekeli, na shekeli moja ni kama gramu 11, kwa hiyo unabeba karibu kilo nzima ya fedha kwenda kununua masikio na meno. Mtumwa akiuawa na ng'ombe, bwana wake alilipwa shekeli 30. Na kile kilima chenyewe ulipojengwa mji, mfalme Omri alikinunua kwa Shemeri kwa talanta 2, yaani shekeli 6,000. Gawanya kwa 80. Makao makuu ya ufalme, kiwanja kizima, vichwa 75 vya punda.

Mavi ya njiwa ndiyo usiseme. Robo ya kibaba, kama theluthi ya lita, vipande 5. Josephus, mwanahistoria wa kale wa Kiyahudi, anasema waliyatia badala ya chumvi, wengine wanasema ni ya kuwashia moto. Vyovyote. Vibaba vyao 6 ni kipimo kimoja, kwa hiyo kipimo cha mavi kimefika shekeli 120.

Ndipo nabii Elisha anatangaza: kesho saa kama hii, langoni, kipimo cha unga mzuri shekeli 1, vipimo 2 vya shayiri shekeli 1. Hapo ndipo watu hupiga makofi. Pigeni hesabu kwanza! Kipimo ni kama lita 7. Kule Babeli, nyakati za kawaida, shekeli moja ilihesabiwa kuwa inatosha shayiri zaidi ya lita 100. Hapa unapata 14 na ushee. Muujiza umetendeka na bei bado inauma, jamani!

Na bei haikushuka kwa ruzuku. Wakoma 4 walikaa langoni wakapima: tukikaa tunakufa, tukiingia mjini tunakufa, basi twende kwa Washami. Wakaenda jioni, kambi tupu. Jeshi lilisikia kishindo cha magari ya vita, likadhani Wahiti na Wamisri wamekodiwa, likakimbia na kuacha hata punda wamefungwa. Wazima, na vichwa vyao. Wakoma wakala, wakanywa, wakaficha fedha ya hema la kwanza, wakarudi wakaficha na ya la pili, ndipo dhamiri ikawajia, wakapeleka habari mjini. Mfalme kaamshwa usiku, anasema ni mtego, anatuma magari 2 na farasi wakachunguze. Wakafuata mpaka Yordani, njia nzima nguo na vyombo vilivyotupwa. Farasi, lakini! Raia wananunua vichwa vya punda na zizini kwa mfalme farasi bado wapo. Haya.

Watu wakatoka kuteka nyara kambi, ndipo bei ikashuka, na akida wa mfalme aliyembishia Elisha kwamba haitashuka akapewa kazi ya kusimamia lango. Malango ya zama zile yalijengwa membamba makusudi, adui asipite kwa wingi. La Megido njia yake ni kama mita 4. Na langoni ndiko sokoni. Mji mzima una njaa, foleni hakuna, mtu mwenye cheo kasimama katikati anapanga watu. Wakamkanyaga akafa. Si angejibanza chumba cha walinzi!

Vita vyao navyo havieleweki. Sura ya 6 hiyohiyo Washami wanapofushwa, wanaongozwa hadi Samaria, wanapikiwa karamu, wanarudishwa kwao. Mstari wa 23: vikosi vya Shamu havikuja tena. Mstari wa 24: Ben-hadadi akakusanya jeshi lake lote. Mesha, mfalme wa Moabu, anadaiwa na mfalme wa Israeli manyoya ya wana-kondoo 100,000 na ya kondoo waume 100,000, akiasi watu wanashangaa. Na maajabu mengine ni hayohayo: nabii Eliya, mwaka wa tatu wa ukame, anaamuru mitungi 12 ya maji imwagwe juu ya kuni za sadaka. Nani aliyeyachota, na kutoka kisima gani?

Halafu lile shoka la mwanzoni mwa sura ya 6. Wana wa manabii, yaani wanafunzi wao, wanakata miti Yordani, chuma kinachomoka kwenye mpini, kinazama, mkataji analia kwamba ni la kuazima. Elisha anatupa kijiti, chuma kinaelea, jamaa anakiokota. Sura inahamia vitani papo hapo, na kama mwenye shoka alirudishiwa chake, hapakuandikwa kitu.