Malipo ya korosho na chipu ya kupanga zamu

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, fedha nyingi hupita Mtwara na Lindi kwa muda mfupi. Mnada ukiisha na mnunuzi akilipa, wakulima wa chama cha msingi husubiri malipo yao kwa pamoja. Iwapo kila malipo yanakatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chama, salio lile lile hupunguzwa mara mamia, na kila muamala husubiri uliotangulia umalize.

Zamu hizo kwa kawaida hupangwa na programu kwa kutumia kufuli, yaani alama inayozuia miamala miwili kubadili salio moja kwa wakati mmoja. Wapo wanaotaka kazi hiyo ihamie kwenye maunzi: ndani ya prosesa, au kwenye chipu ya pembeni kama FPGA, chipu ambayo mhandisi huweza kuipanga upya kwa kazi anayoitaka. Hoja yao ina uzito. Viini vya prosesa vikiwa vingi, muda mwingi hupotea vikigombea kufuli, ilhali chipu maalumu inaweza kukagua miamala mingi sambamba na kugundua inayogongana.

Lakini historia inatahadharisha. Mwaka 1993 watafiti wa kompyuta Herlihy na Moss walipendekeza kumbukumbu ya miamala ndani ya maunzi, yaani prosesa yenyewe igundue miamala inayogongana, bila kufuli. Intel waliileta sokoni 2013 kwa jina TSX. Mwaka uliofuata ikagundulika kasoro, ikabidi izimwe kwenye prosesa zilizohusika. Programu zilizobakiza njia ya kufuli ziliendelea na kazi. Nayo chipu ya pembeni ina gharama ya safari: ombi huenda na kurudi, na kwa muamala mfupi safari hiyo yaweza kuzidi kazi yenyewe. Ukituma maombi kwa mafungu unapunguza gharama, ila wa kwanza anasubiri fungu lijae.

Kwa mtandao wa malipo wa nchi nzima, wenye miamala mingi isiyogusana, ningeunga mkono majaribio ya chipu. Kwa mkulima wa Tandahimba au Liwale naona tofauti kabisa, kwa sababu salio moja ni salio moja: kasi ya kupanga foleni haiondoi foleni. Bora jumla ya orodha ikatwe mara moja kwenda akaunti ya mpito, kila mkulima akiwa na fungu lake humo, kisha kila malipo yakamilike peke yake bila kugusa salio la pamoja. Hilo linahitaji mhandisi makini na majaribio kabla ya Oktoba, pamoja na vipimo vya wazi: muda unapotea kwenye kufuli, kwenye kuandika diskini, au kwenye mtandao?