Mtoto wa mpira puani: daktari wa meno aje nyumbani, au mtoto apelekwe?

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayelishwa kwa mpira wa puani, kwao Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, haendi kwa daktari wa meno kisiwani kirahisi. Kuna tuktuk hadi feri, foleni ya jua kali, kiti cha magurudumu, mashine ya kunyonya makohozi na chaji yake, na maziwa ambayo saa yake haingoji feri. Ndipo wengine husema daktari amfuate mtoto. Mfano wao ni Japani: sheria ya mwaka 2021 iliibebesha serikali wajibu wa kuzisaidia familia za watoto wanaotibiwa nyumbani, na bima ya afya ya huko hulipia ziara za daktari wa meno.

Hoja hiyo ina uzito, ila wengi wanaupima uzito huo mahali sipo. Meno ya mtoto huyu hayaokolewi na ziara, iwe ya nyumbani au ya hospitali. Yanaokolewa na mkono wa mamake au nyanyake, asubuhi na jioni. Swali la haki ni hili: nani ataufundisha mkono huo, na wapi?

Wengi huamini asiyekula kwa mdomo hana haja ya mswaki. Ni kweli kwamba meno yake hayatoboki sana. Lakini kutafuna ndiko kunakosugua meno, na kukikosekana ukoga hutulia, hushika madini ya mate, ukawa ugaga mgumu kama jiwe. Bakteria wa humo huteremka na mate, na kwa mtoto asiyemeza sawasawa huishia mapafuni. Homa ya mapafu ikirudi mara kwa mara, maziwa ndiyo hulaumiwa. Kinywa hakuna anayekitazama.

Kwa anayekula kidogo kwa mdomo, hatari hugeuka: dawa ya kifafa ya maji yenye sukari, glukosi kwenye uji, na mabuyu ya wageni wanaokuja kumpa pole. Fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, nayo inaweza kuvimbisha fizi hadi zikafunika meno.

Kazi yenyewe ya kusafisha kinywa yataka utaratibu. Ngoja nusu saa hadi saa nzima baada ya kulisha, la sivyo atatapika. Mwinue nyuzi 30 hadi 45, au mlaze ubavu. Chali kabisa, maji yatakwenda kooni. Anza kugusa shavu, kisha midomo, ndipo uingie ndani, maana kinywa kisichozoea kuguswa hustuka na kufunga. Mswaki uwe mdogo, laini, wenye unyevu tu. Dawa ya meno yenye floraidi ni kiasi cha punje ya mchele, na isiyotoa povu ni bora. Futa mate kwa shashi, au nyonya kwa mashine. Umeme ukikatika na betri ikiwa tupu, shashi mbili tatu zilizokamuliwa zinatosha kwa siku hiyo. Usiweke kidole baina ya meno. Akiuma mswaki, usiuvute, msubiri aachie. Kisha uanike mswaki penye upepo, kwani kwa unyevu wa Mombasa mswaki uliofungiwa kwenye kopo haukauki.

Haya hufundishika vizuri zaidi nyumbani, juu ya kitanda kile kile na mito ile ile. Hapo upande wa ziara unashinda. Unashinda pia kwenye meno ya utoto, ambayo huanza kutikisika kwenye miaka 6 hivi. Jino likidondoka usingizini kwa mtoto asiyeweza kukohoa kwa nguvu, laweza kuingia kwenye njia ya hewa. Anayeyatikisa kwa kidole chenye glavu kila miezi mitatu ataliona mapema, na ling'olewe kabla halijajiangukia.

Lakini matibabu ni jambo jingine. Mashine ya kutoboa jino hurusha maji, na ya kuondoa ugaga vilevile. Bila unyonyaji wa nguvu na taa nzuri, sebule si pahala pake. Hata ugaga ukikwanguliwa kwa mkono, vipande huanguka kooni. Eksirei na dawa ya usingizi ni za hospitali. Tena daktari mmoja akimaliza asubuhi kwa watoto wawili wa Likoni na Mtongwe, foleni ya kliniki imebaki pale pale.

Kwa hiyo anayefaa kuzunguka si daktari. Kenya ina maafisa wa afya ya kinywa ya jamii waliosomea kazi hii, na wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023 hufika milangoni tayari. Mhudumu aulize mawili tu, fizi zinatoka damu? jino linatikisika?, kisha afisa aje.

Na safari ya kisiwani ikibidi, piga simu kwanza uulize kama chumba cha meno kina mashine ya kunyonya inayofanya kazi. Omba nafasi ya kwanza ya asubuhi, na maziwa yamalizike muda wa saa mbili kabla ya kulazwa kitini.