Archer: majasusi wanaogombania masurufu

Anayesifiwa tamthilia ya Archer kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba ni katuni inayowakejeli majasusi wa sinema, wale mabwana wa suti nadhifu, bastola na bilauri ya pombe mkononi. Si uongo, lakini kwa maoni yangu maelezo hayo hayagusi kiini chake, kwa kuwa kejeli ya namna hiyo huisha utamu baada ya saa moja, ilhali kazi hii iliyobuniwa na Adam Reed ilionyeshwa Marekani tangu mwaka 2010 hadi 2023. Raha yake imo ofisini.

Tazama sehemu ya kwanza kabisa. Sterling Archer, anayejitapa kuwa jasusi bora kuliko wote duniani, anahangaika kuingia katika kompyuta kuu ya shirika lake mwenyewe ili afiche matumizi yake ya anasa kabla hajabanwa kuhusu marejesho ya masurufu. Anasingizia kwamba anamsaka mpelelezi wa adui aliyejipenyeza humo. Kumbe yumo kweli. Mkuu wa shirika, Malory, ni mama yake mzazi, hivyo kila karipio la kazini linatonesha kidonda cha nyumbani. Lana, jasusi hodari kumpita, ni mpenzi wake wa zamani ambaye sasa yuko na Cyril, mhasibu, na ofisa utumishi, Pam, hajui kutunza siri hata moja, jambo ambalo katika shirika la ujasusi ni msiba.

Kinachonifurahisha zaidi ni jinsi wanavyolipia mambo ambayo sinema nyingine huyapita bure. Bastola ikifyatuliwa ndani ya chumba kidogo, watu hushika masikio, hawasikilizani, na ugomvi unaanza papo hapo juu ya nani kafyatua karibu na sikio la nani, huku adui akiwa bado hajatoroka. Brett, mfanyakazi asiye na kosa lolote, hupigwa risasi kwa bahati mbaya mara kwa mara, na wenzake huliona hilo kuwa usumbufu tu.

Mazungumzo ndiyo yanayobeba kazi yote. Wahusika hukatizana, hurudia neno la mwenzao kwa kebehi, huacha hoja njiani na kuirudia wakati usiofaa, kama watu waliochoshana kwa miaka mingi. Nawe huwezi kuamini kwamba H. Jon Benjamin (sauti ya Archer), Aisha Tyler (sauti ya Lana) na wenzao walirekodi sauti zao kila mmoja peke yake, kisha zikaunganishwa na wahariri. (Lugha yenyewe ni chafu na mambo ya kitandani hayafichwi, kwa hiyo asiwepo mzazi atakayewawekea watoto kwa sababu tu ni katuni.)

Ndiyo maana msimu wa 8 hadi wa 10 haukunivutia. Archer amelala hospitalini bila fahamu, na misimu hiyo mitatu inapita katika ndoto zake: upelelezi wa kale huko Los Angeles, kisiwa cha Pasifiki, kisha anga za juu. Michoro inapendeza, lakini ofisi haipo, na ni nani atakayehofia maisha ya mtu ndani ya ndoto?

Jessica Walter, aliyempa Malory sauti ile yenye dharau na kiu ya pombe, alifariki mwezi Machi 2021. Mwishoni mwa msimu wa 12 Malory anaondoka na kuonekana ufukweni pamoja na mumewe, Ron, mhusika ambaye sauti yake ilikuwa ya Ron Leibman, mume wa Walter katika maisha halisi, aliyefariki mwaka 2019. Ningekuwa na usemi wowote, tamthilia ingefungwa hapo. Misimu miwili iliyofuata ina vichekesho vya kutosha, lakini Archer asiye na mama wa kumwogopa ni mfanyakazi mtovu wa nidhamu tu, na hao tumewazoea.