Gitaa la besi ndani ya ukumbi wa okestra

Royal Albert Hall ya London ilifunguliwa mwaka 1871, na kwa miaka mingi watu waliitania kwamba ndiko pekee mtunzi wa Kiingereza anakoweza kuwa na hakika ya kusikia kazi yake mara mbili. Kuba lake lilikuwa likiirudisha sauti iliyokwisha kupita. Mwaka 1969 mafundi walining'iniza chini ya kuba hilo vifaa vya fiberglasi vyenye umbo la uyoga, na mwangwi ukapungua. Lakini bendi za rock zilikuwa zimeshaingia na spika zao, na ubishi upo mpaka leo: je, kumbi za okestra zipokee muziki wa umeme, unaopigwa kwa spika?

Wanaokataa huonekana wenye majivuno, na baadhi yao ni kweli wanayo. Hata hivyo fizikia iko upande wao. Wallace Sabine wa Harvard ndiye aliyeonyesha kwamba muda ambao sauti hubaki ikivuma hutegemea ukubwa wa chumba na uwezo wa vilivyomo kuinyonya. Hesabu zake zilitumika kujenga Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900. Humo, watu wakiwa wamejaa, mvumo hudumu karibu sekunde mbili. Fidla hunawiri kwa hilo. Dramu na gitaa la besi huharibikiwa, kwa kuwa pigo jipya hutua kabla la kwanza halijafa. Fundi akipandisha sauti ili maneno yasikike, vurugu nayo hupanda.

Wanaoafiki hujibu: tundikeni mapazia. Jibu hilo ni nusu tu. Wimbi la sauti nzito ya hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) lina urefu unaokaribia mita sita, na kitambaa cha sentimita chache hakilisumbui. Pazia hula matoazi na konsonanti za mwimbaji, likaiacha besi, yaani sauti nzito za chini, izurure. Miili ya wasikilizaji nayo hunyonya zaidi sauti za juu kuliko za chini. Spika za kisasa zinazopangwa kwa safu husaidia sana, maana huelekezwa kwenye viti badala ya kuta, lakini besi haielekezeki kirahisi hivyo. Ngome Kongwe ya Zanzibar, inakofanyikia tamasha la muziki la Sauti za Busara, haina shida hii: haina paa, besi huenda zake angani.

Ipo pia hoja ya fedha, ambayo wapinzani huikwepa. Ukumbi mkubwa una gharama hata usiku ambao hauna onyesho, na bendi inayojaza viti hulipia mengi, pengine na hiyo okestra yenyewe.

Kwangu mimi, kosa ni kugawa muziki kwa hadhi: huu wa heshima, ule wa mtaani. Kipimo kiwe besi. Mpiga kora, kinubi cha Afrika Magharibi, mwenye mikrofoni moja, au kundi la ala za nyuzi za taarabu, yaani udi, kanuni na fidla, lililoongezewa sauti kidogo, watasikika vizuri Boston. Mjenzi wa ukumbi mpya na atoe nafasi ya paneli nyembamba zenye hewa nyuma yake, ambazo hutikisika na kuimeza besi. Mwenye ukumbi wa zamani aanze na mpiga dramu: atumie brashi badala ya fimbo, na nusu ya spika za besi zibaki kwenye lori. Bendi ikikataa, viwanja vya wazi vipo.