Shangazi na lisaa lililopotea angani

Kama una shangazi mfanyabiashara safiri naye mpaka Dodoma, yatosha. Wangu ana duka la nguo Kariakoo, tukaenda Bangkok kufunga mzigo pale soko la nguo la Pratunam, mzigo ulivyokamilika akasema hatuondoki mpaka tumuone binti yake anayesoma Kuala Lumpur, haya, nikakata tiketi za kwenda na kurudi, ugomvi ukaanzia hapo.

Kwenda tunaondoka saa 4 asubuhi tunafika saa 7 na dakika 10 mchana. Kurudi tunaondoka saa 4 asubuhi tunafika saa 5 na dakika 10. Shangazi akavaa miwani, akahesabu kwa vidole.

"Kwenda masaa matatu, kurudi lisaa limoja, na nauli ile ile? We mtoto umeibiwa."

Nikamwambia shangazi, ni kama kilomita 1,200 kwenda na ni hizo hizo kurudi, angani ni masaa mawili na kidogo tu, ila Malaysia wako mbele ya Thailand kwa saa moja. Na wala haiko mashariki huko, ukiangalia ramani Kuala Lumpur (KL) iko kusini mwa Bangkok karibu mstari mmoja, sema mwaka 1982 serikali ya Malaysia ilisogeza mishale ya saa ili huku bara walingane na majimbo yao ya Sabah na Sarawak kule kisiwa cha Borneo. Akaniangalia kama konda aliyegoma kurudisha chenji.

KL binti yake akamrekebishia saa ya mkononi, mambo yakaenda vizuri, isipokuwa kila siku anaamka saa 12 analalamika mbona hakukuchi, na kweli kule saa 12 asubuhi bado giza.

Sasa kurudi hakuna aliyeigusa ile saa. Tumetua uwanja wa Don Mueang, Bangkok, yake inasoma saa 6 na dakika 10. Akasimama taa ya mkanda hata haijazimwa.

"Si nilisema! Lisaa zima wametuzungusha hewani bure!"

Na ndege ya nyumbani ni saa 9, tena inaondokea Suvarnabhumi, uwanja mwingine kabisa, upande wa pili wa jiji, na foleni za Bangkok tulishazionja. Namwonyesha simu, shangazi angalia, saa 5 hii, hasikii, eti simu yangu ya mkopo.

Kufika uhamiaji watu wamejaa mpaka kwenye korido. Shangazi akashika goti. Mguu ambao tangu nizaliwe haujawahi kumuuma ukaanza kuchechemea palepale, na kuguna juu, kuguna hakuhitaji mkalimani bana. Akatokea kijana na wilchea, "madam, madam", tukapitishwa pembeni, mimi nyuma nimebeba pochi yake na sura ya mtu mwenye mgonjwa.

Tukaenda kungoja mabegi. Begi lake lile la kamba nyekundu likatokea, na mzee mmoja wa watu, nadhani alilifananisha, akalishika mpini.

Jamani. Shangazi aliruka! Alipita watu wawili, akamnyang'anya yule mzee, akalishusha kwa mkono mmoja, begi la kilo ishirini na ushee.

Kijana wa wilchea akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Shangazi akarudi taratibu akakaa, akalipakata begi, akashika goti, safari hii la upande mwingine, akamwambia kijana kwa Kiswahili safi, "Haya baba, sukuma, tumechelewa."