Bahasha iko sawa, tatizo ni hali

Jumanne usiku baba mdogo alinipigia simu. Kwa kawaida akipiga mida ile ni habari ya mbolea au ada ya mjukuu, kwa hiyo nilipokea huku nikipiga hesabu ya salio. Safari hii hakutaka hela. Alitaka nimwandikie barua kwa mchungaji, ya kuomba kurudi kundini. "Wewe ndiye mwenye maneno, mwanangu," akasema, "na kompyuta unayo."

Nikamwambia nitaandika. Baada ya simu nikakaa kitandani nikitafuta ni kitu gani hasa kilichonikera, maana mzee wa miaka sabini na ushee anayetaka kushiriki Meza ya Bwana kabla hajafa si mtu wa kukasirikiwa. Halafu nikakipata. Baba mdogo anaweza kurudi kwa sababu mama mdogo amekufa.

Mliokulia kwenye sharika za Kilutheri kama zetu mmeshaelewa. Waliishi pamoja miaka 27, ndoa haikubarikiwa, wakawa wametengwa miaka 27. Sasa mmoja yuko chini ya udongo tangu mwezi wa nne, basi ile "hali" imekoma, kesi imefungwa. Baba mdogo atasimama mbele ya watu Jumapili moja, ataulizwa maswali mawili matatu, kina mama watapiga vigelegele, na ibada ya Chakula cha Bwana itakayofuata atapiga magoti altareni. Kifo cha mkewe ndicho kilichomsafisha.

Niwarudishe kwenye msiba kidogo. Mzee wa kanisa alikuja siku ya pili jioni na lile daftari refu lenye jalada gumu, akakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mparachichi, akavaa miwani, akauliza namba ya bahasha ya sadaka ya marehemu. Dada yangu akaitaja bila kufikiri. Mzee akapitisha kidole. Ahadi, imelipwa. Jengo, imelipwa. Mavuno, imelipwa. Mama mdogo hakuwa ameruka hata mwezi. Mzee akafunga daftari na kusema, kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio ulioniudhi: "Bahasha iko sawa. Tatizo ni hali."

Kwa hiyo kengele haikupigwa. Mwili haukuingia kanisani. Mchungaji hakuja; alikuja mwinjilisti, bila kanzu, akasoma neno, akaomba, tukazika. Na neno alilolisoma pale kaburini, sitanii, lilikuwa Yohana 14:15: "Mkinipenda, mtazishika amri zangu."

Mama mdogo ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare. Vitambaa vya meza asiyoruhusiwa kuisogelea alivifua yeye, akavipiga pasi ya mkaa, akavipeleka Jumamosi jioni vimefungwa ndani ya kanga safi. Jumapili wenzake walipoinuka benchi kwa benchi kwenda mbele, yeye alivuta miguu pembeni ili wapite. Nililiona hilo la kuvuta miguu tangu nikiwa mdogo, nikadhani anaumwa magoti. Sadaka yake haikutengwa, lakini. Mkungu wake wa ndizi ulipelekwa mnadani baada ya ibada, ukapandishwa bei kama mikungu mingine, na pesa ikaenda kwenye bati za nyumba ya Bwana.

Sasa turudi kwenye huo mstari, maana nimekaa nao tangu mwezi wa nne na nina ugomvi na namna tunavyousoma.

"Mkinipenda, mtazishika." Sikilizeni Kiswahili chenyewe. Kuna *-ki-*, kisha kuna *-ta-*. Ni kama kusema mvua ikinyesha, mahindi yataota. Anayesema hivyo hayapigii mahindi kelele. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliufanya mstari huu kuwa amri, "zishikeni", na si uzushi wao, kwa kuwa hati za kale za Kigiriki zenyewe zinatofautiana hapo: nyingine zina amri, nyingine zina wakati ujao. Waliotupa Biblia yetu ya Kiswahili wakachukua wakati ujao. Tuna bahati kubwa sana na hatuitumii. Mwinjilisti wetu alisoma maneno ya wakati ujao kwa sauti ya askari wa usalama barabarani, na sote tukasikia: zishikeni kwanza, ndipo nitaamini kuwa mnanipenda.

Halafu, amri zipi? Kila tukisikia "amri zangu" macho yanakimbilia Sinai, kwenye mbao mbili za mawe, na kwa kasi ya ajabu yanatua kwenye ile ya uzinzi, kana kwamba zile nyingine zimefutika. Lakini hapa anayesema ni mtu aliyetoka kuosha miguu ya wenzake usiku uleule, taulo bado ina maji. Na amri aliyoitaja kwa jina lake usiku ule iko sura moja nyuma: "Amri mpya nawapa, Mpendane." Sura moja mbele anairudia, asije mtu akasema hakusikia: "Amri yangu ndiyo hii, Mpendane, kama nilivyowapenda ninyi." Kwa hiyo mstari tuliosomewa kaburini kuonyesha kwamba marehemu alikosa utii ulikuwa unawauliza waliosimama pale na makoleo, mimi mmojawapo, kama tulimpenda yule mama. Kuna mtu aliwahi kukaa naye kwenye benchi wengine walipokwenda mbele? Mimi sikuwahi. Nilikwenda altareni, nikala, nikarudi, nikapita mbele ya magoti yake.

Tuliopitia kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, mpaka tukaiota. Mtakumbuka kwamba maelezo ya kila amri yanaanza palepale: tumche Mungu na kumpenda. Amri inakuja baadaye, kama tawi. Na ile ya sita, usizini, haikomi kwenye kukataza. Inamalizia kwamba mume na mke wapendane na kuheshimiana. Baba mdogo alipovunjika nyonga, mama mdogo alimwogesha miezi saba, akamgeuza kitandani kila usiku ili asipate vidonda. Kwenye daftari hakuna safu ya hilo.

Haya, najua mtakachosema. Mstari wa 21, sura hiyohiyo: "Yeye aliye na amri zangu, na kuzishika, yeye ndiye anipendaye." Ni kweli, upo, na hapo mtu hupimwa kwa matendo yake. Siwezi kuuruka kwa sababu tu haunipendezi. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba kudai ndoa mbele ya mashahidi si ukatili. Anayelindwa mara nyingi ni mwanamke. Mume asiye na ndoa anaweza kuamka asubuhi akasema huyu ni mgeni tu, na shemeji wakaja na kufuli. Na nafasi walikuwa nayo. Usharika ulikuwa ukifungisha ndoa za pamoja, bila kamati, bila keki, bila hata kukodi shela. Hawakwenda. Nyumbani tulizoea kusema ni mahari, kwamba ulibaki mbuzi na blanketi na wazee wa upande ule wakagoma, na sote tukaridhika na hadithi hiyo.

Ila hata serikali yetu ya Tanzania, ambayo haijawahi kusifiwa kwa huruma, Sheria yake ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakiwajua kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Miaka 2. Mahakama ya mwanzo ingemwita mke wa mtu kabla sisi wapendwa katika Bwana hatujamaliza kikao cha kwanza.

Kuna kundi jingine ambalo nalo halinifai, la "Mungu anaangalia moyo". Hawa wakisikia neno sheria wanapata vipele. Wanapenda kutaja Augustino, "penda, kisha fanya utakalo", kama leseni ya kulala na nani na kumlipa nani. Augustino alikuwa askofu wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, na maneno hayo aliyasema akihubiri waraka wa kwanza wa Yohana, katikati ya ugomvi na Wadonati, Wakristo wa huko waliokuwa wamejitenga na kanisa. Anaendelea: ukinyamaza, nyamaza kwa upendo, ukikemea, kemea kwa upendo. Alikuwa akitetea kukemea! Anayempenda mwanawe humtoa kwenye moto hata kwa kumvuta sikio. Mimi sina ugomvi na kuvutwa sikio. Ninachouliza ni nani katika miaka 27 alikwenda pale nyumbani, akakaa jikoni na mama mdogo, akamuuliza, "Dada, kinachowazuia ni nini?" Kumfuta kwenye orodha ni kazi ya dakika moja na hakuhitaji hata nauli.

(Ndugu zetu Wakatoliki wasicheke. Mwaka 2016 waliparuana juu ya tanbihi moja, namba 351, iliyogusia sakramenti kwa wanaoishi katika hali kama hizi, kwenye waraka wa Papa Fransisko kuhusu familia, hadi makadinali wanne wakampelekea maswali matano rasmi. Tanbihi! Angalau wao waligombana hadharani. Sisi tunafunga daftari.)

Ninachokipenda zaidi kiko mwisho wa Yohana. Petro amekana mara tatu akiota moto wa makaa. Amevunja karibu kila alichoapa. Baadaye, ufukweni, kuna tena moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Wanakula kwanza. Wakiisha kula ndipo anaulizwa, mara tatu, wanipenda? Na kila akijibu anapewa kazi: lisha, chunga, lisha. Sisi tungemwandikisha barua kwanza, na samaki wangepoa.

Barua yenyewe nimeianza jana. Nimeweka anwani, tarehe, na YAH: OMBI LA KURUDI KUNDINI kwa herufi kubwa. Nikafika kwenye "ninatubu" nikakwama, nikampigia kumuuliza anatubu nini hasa, niandike nini. Akanyamaza muda mrefu. Nilisikia redio yake ikisoma matangazo ya vifo.

"Andika kwamba yeye alitaka harusi," akasema. "Kila mwaka aliniomba. Mimi ndiye niliyekataa."

Nimeandika hivyohivyo, kwa maneno yake. Mzee wa kanisa atajua mwenyewe aliweke kwenye safu gani.